Uwanja wa Maigizo wa Wazi na Lugha ya Watazamaji: Kamiriithu na Isiolo

1. Utangulizi

Wataalamu wa fasihi wanapojadili tamthilia, aghalabu huanza na matini, kisha huendelea na mwandishi, wahusika na maudhui. Mahali pa kuigizia huachiwa mwashi na mchora ramani, kana kwamba mahali hapo ni chombo tu cha kubebea maneno yaliyokwisha kuandikwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayako hivyo. Kuta, mlango na viti huchagua watazamaji, na watazamaji nao huchagua lugha. Kwa sababu hiyo, jumuiya inapoamua kujenga uwanja wa maigizo usio na paa wala kuta, huwa imekwisha kufanya uamuzi wa lugha, hata kama hakuna aliyeutamka.

Hoja hii itafafanuliwa kwa mifano miwili. Wa kwanza ni uwanja uliojengwa na wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977, ambao ndio mfano mashuhuri kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Wa pili ni mji wa Isiolo, uliopo kando ya mto wenye jina hilohilo kaskazini ya Mlima Kenya. Kamiriithu kilikuwa kijiji cha lugha moja. Isiolo ni mji wa lugha nyingi, tena za jamii tatu zisizo na nasaba ya karibu. Uwanja wa wazi wa wananchi ukijengwa katika mji wa namna hiyo, wapi wataketi watazamaji, na watasemeshwa kwa lugha gani? Swali hilo ni la mwanaisimu kama lilivyo la mwanasanaa, na jibu lake lina uzito kwa mji ambao amani yake hutegemea sana jinsi majirani wanavyosikilizana.

2. Istilahi

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kutaja kiwanja cha aina hii. Neno la Kiyunani ambalo lugha za Ulaya zimelirithi limeundwa kwa sehemu mbili: ya kwanza ina maana ya "pande zote mbili", na ya pili ina maana ya "mahali pa kutazamia". Warumi walilitumia kwa majengo yaliyozunguka uwanja kikamilifu, kama lile kubwa la Roma lililozinduliwa mwaka 80 B.K.; siku hizi jina hilo hupewa hata viwanja vya nusu duara vilivyofuata desturi ya Wayunani wenyewe. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba shina la neno hilo limejengwa juu ya mtazamaji, si juu ya mwigizaji.

Katika Kiswahili yapo maneno kadhaa yanayoweza kufikiriwa. "Ukumbi" hapo awali ni sehemu ya nyumba, mahali palipoezekwa ambapo mgeni hupokelewa; ndiyo maana maneno "ukumbi wa wazi" yanapingana kidogo ndani yake yenyewe. "Jukwaa" ni mahali palipoinuliwa ili mtu aonekane, nalo linataja upande wa mwigizaji tu. "Ulingo" ulikuwa kichanja cha shambani ambapo mlinzi wa mazao alikaa kufukuza ndege na wanyama, kabla ya neno hilo kuhamia kwenye ndondi na siasa. "Uwanja wa maonyesho" ungefaa sana kimaana, lakini nchini Kenya umekwisha kushikwa na maonyesho ya kilimo ya kila mwaka, na msomaji akiliona neno hilo atafikiri ng'ombe wa maziwa na matrekta.

Neno lenye historia ya kufaa zaidi ni "baraza". Katika miji ya pwani baraza ni kikao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kati ya mlango na njia, ambapo wenyeji na wapita njia hukaa na kuzungumza. Kutoka kwenye jiwe la kukalia, maana ilihamia kwa watu wanaokaa, kisha kwa mashauri yao, hata leo kuna Baraza la Mawaziri na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967. Neno hili basi lina sifa ileile ya neno la Kiyunani: limeanzia kwa anayeketi. Lakini barani, chini ya utawala wa Waingereza, baraza lilipata maana nyingine. Likawa mkutano ulioitwa na chifu au Mkuu wa Wilaya, ambapo mmoja husema amesimama na wengi husikiliza wameketi chini juani. Katika wilaya za kaskazini maana hii ndiyo iliyotangulia kufika, bila ya kile kikao cha mawe. Kwa hiyo mzee wa pwani na mzee wa Isiolo wakitamka neno "baraza" hawaoni picha moja: wa kwanza huona mazungumzo, wa pili aghalabu huona amri.

Kwa kuzingatia hayo, makala haya yatatumia "uwanja wa maigizo wa wazi" kwa mahali penyewe, na "vikao" kwa safu za kukalia zilizopangwa kama ngazi. Maana mbili za baraza zitahitajika tena mbele.

3. Umbo la uwanja na mwendo wa sauti

Uwanja wa maigizo wa wazi una sehemu tatu za lazima: duara au nusu duara ya kuigizia, vikao vinavyopanda kwenye mteremko, na nyuma ya waigizaji kitu cha kukomesha macho, kiwe ukuta, ua au kichaka. Wayunani walichagua kwanza mlima, ndipo wakachonga vikao. Uwanja wa Epidauro, uliojengwa katika karne ya 4 K.K., unasifiwa hadi leo kwa jinsi sauti ya mtu asemaye katikati inavyofika safu za juu.

Siri yake si muujiza. Mahali pa wazi sauti hutawanyika, na kila umbali unapokuwa maradufu nguvu yake hupungua hata kubaki robo. Watu wakiketi uwandani tambarare, vichwa na nguo za walio mbele hunyonya hata hiyo robo. Mteremko humwinua kila msikilizaji juu ya kichwa cha aliye mbele yake, ili sauti imfikie moja kwa moja, na nusu duara huwaleta watu wengi karibu na msemaji kuliko safu ndefu zilizonyooka.

Mwanaisimu ana la kuongeza hapa. Sauti zote za lugha hazisafiri sawa. Irabu zina nguvu nyingi; konsonanti za mkwaruzo zisizo na ghuna, kama f na s, zina nguvu ndogo na huwa za kwanza kupotea penye upepo. Lugha ambayo silabi zake huishia kwa irabu, kama Kiswahili, hupata nafuu fulani uwanjani. Hali ni ngumu zaidi kwa lugha nyingine zinazosemwa Isiolo. Katika Kiborana na Kisomali, urefu wa irabu na mkazo wa konsonanti hutofautisha maana, na mwigizaji anayepaza sauti huelekea kurefusha kila irabu. Katika Kisamburu na Kiturkana, toni huonyesha hata kama nomino ni mtenda au mtendwa, na anayepiga kelele hupandisha toni zote. Kutokana na hayo, uwanja mbaya hauharibu lugha zote kwa kiasi kimoja. Mteremko mzuri na ukubwa wa wastani, unaomwezesha mwigizaji kusema bila ya kupiga ukelele, ni haki ya lugha zenye toni na urefu kabla ya kuwa starehe ya mtazamaji. Kipaza sauti nacho hakitoshi kuwa dawa, kwani humfunga mwigizaji mahali pamoja, na mahali pasipo na umeme wa uhakika hunyamaza wakati usiotarajiwa.

4. Mfano wa Kamiriithu

Kamiriithu kilianza kama kijiji cha hali ya hatari. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu kutoka makao yao ya kutawanyika na kuwakusanya katika vijiji vilivyolindwa. Baada ya uhuru wengi walibaki hapo, wakawa vibarua katika mashamba ya chai na wafanyakazi katika kiwanda cha viatu cha Limuru. Mwaka 1976 wanakijiji walianza kukifufua kituo chao cha elimu na utamaduni, wakashirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mkazi wa huko, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyeshughulika na elimu ya watu wazima. Kisomo kikawa kazi ya kwanza. Mchezo wa kuigiza ukafuata.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika maandishi yake ya baadaye jinsi uwanja ulivyojengwa. Wanakijiji wenyewe walipanga njiti za kiberiti ardhini, wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakaujenga uwanja wenyewe: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kubadilishia nguo na kuwekea vifaa, na vikao vya watazamaji zaidi ya 2,000. Hapakuwa na msanifu aliyeajiriwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusahihisha.

Hapo ndipo lugha ilipoingia. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliandikwa kwa Kikuyu, si kwa sababu waandishi walikuwa na nadharia iliyokamilika kuhusu lugha, bali kwa sababu mahali na watu hapakuruhusu lingine. Mwandishi aliyekuwa amejipatia sifa kwa riwaya za Kiingereza alijikuta mbele ya watu waliojua Kikuyu kuliko yeye. Wazee walirekebisha usemi wa wahusika wa rika lao, wakaeleza kwamba mzee mwenye heshima hasemi hivyo; wengine waliongeza nyimbo na kusahihisha hatua za sherehe. Kwa njia hii ukosefu wa kuta ulifanya kazi ya uhariri. Katika jumba lililofungwa mtazamaji hupewa lugha iliyokwisha kupikwa; Kamiriithu mtazamaji aliingia jikoni.

Mchezo, ulioongozwa na Kĩmani Gecaũ, ulionyeshwa kuanzia Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Jumapili ilifaa kwa kuwa wafanyakazi walikuwa na nafasi, na mchana ulifaa kwa kuwa jua lilikuwa taa isiyolipiwa. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kibali cha kuuonyesha kilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya mashtaka, akaachiwa Desemba 1978. Matini yalichapishwa mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ikafuata mwaka 1982.

Mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, uliosimulia hali ya wafanyakazi wakati wa ukoloni, ulikuwa na sura nyingine ya lugha. Uzi wake ulikuwa Kikuyu, lakini ndani yake zilitiwa nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya. Mapema mwaka 1982 kikundi kilinyimwa nafasi katika Jumba la Kitaifa la Maigizo mjini Nairobi, kikafanya mazoezi yake hadharani katika Chuo Kikuu, na watu kwa maelfu wakaja kutazama mazoezi tu. Miongoni mwao walikuwamo wasiojua Kikuyu, nao walifuata mchezo kwa nyimbo, mwendo na mavazi. Mwezi Machi 1982 serikali iliufuta usajili wa kituo, na polisi wakaubomoa uwanja wa Kamiriithu.

Kubomolewa huko kunatoa ushahidi ambao hautolewi na sifa yoyote. Matini ya mchezo wa kwanza yalikuwa yakiuzwa madukani wakati mianzi ya uwanja ilipong'olewa. Kitabu kilistahimiliwa, kilichoogopwa ni mahali ambapo watu waliosema lugha moja waliketi pamoja, wakajiona. Ngaahika Ndeenda ulipata kurudi jukwaani mwezi Mei 2022, ukaonyeshwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza katika jumba lilelile la Nairobi. Tukio hilo lilikuwa la heri, lakini mchezo ulirudi bila ya uwanja wake. Ulikuwa umehamia kwenye viti vilivyopangwa ndani ya kuta, na palipo na kuta pakatakiwa lugha mbili.

5. Isiolo: mji wa lugha nyingi

Isiolo iko kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inakwisha na nyika inaanza. Mto Isiolo hushuka kutoka kusini na kupeleka maji yake katika Ewaso Ng'iro, ambao nao huelekea mashariki hata kuzama katika vinamasi vya Lorian. Mji ulikua wakati wa utawala wa Waingereza kama kituo cha serikali na cha karantini ya mifugo, na ukawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Wasomali waliotumika kama askari katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa miongoni mwa waliopewa makao hapo. Waborana, Wasakuye, Wasamburu, Waturkana na Wameru nao wana historia yao katika mji na maeneo yanayouzunguka.

Kwa mtazamo wa isimu, mji mmoja umekusanya lugha za Kikushi (Kiborana na Kisomali), za Kiniloti (Kisamburu na Kiturkana) na za Kibantu (Kimeru na Kiswahili). Msemaji wa Kimeru hapati msaada wowote wa nasaba anapomsikia jirani yake akisema Kiturkana. Kiborana kimekuwa lugha ya watu wengine pia, kama Wasakuye na Wagabra, na kuna Wasomali wakiongeao. Lakini lugha inayovuka mipaka yote mitatu ni Kiswahili, kilicholetwa na askari, wachuuzi, watumishi wa idara ya mifugo na baadaye shule. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Pia imeipa serikali jukumu la kuziendeleza lugha za wenyeji.

Kila jamii hapa ina desturi yake ya kukutana hadharani, na desturi hizo ndizo vikao vya kwanza vya uwanja wowote utakaojengwa. Waborana wana gumii, mkutano wa watu wengi, na ule mkubwa kuliko yote, Gumi Gaayo, hufanyika kusini ya Ethiopia kila baada ya miaka minane. Mikutano yao hufunguliwa kwa dua za eebba, ambazo mzee huongoza na waliopo huitikia kwa neno la amani, nagaa. Wasomali wana shir, mashauri ya wazee chini ya mti, na utungaji wa gabay unaoghanwa na mtu mmoja bila ya ala, huku kila mshororo ukifungwa kwa konsonanti iliyochaguliwa. Waturkana huuita mti wa mashauri "mti wa wanaume", na ngoma yao ya edonga huchezwa kwa miguu na sauti bila ya ngoma za kupigwa. Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake yako Nchiru, upande wa kusini.

Desturi hizi zina mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, zote zina mviringo na zote zina mwitikio: msikilizaji ana sehemu yake ya kusema. Pili, nyingi zimewekewa mipaka ya jinsia na umri. Jina la Kiturkana linalitaja hilo waziwazi. Mwanamke alisikika kwenye wimbo, arusi na kisima, mara chache chini ya mti. Uwanja mpya ulio wazi kwa wote una nafasi ya kumketisha mama muuza maziwa mbele ya mzee bila ya kuvunja mti wa mtu yeyote, kwa kuwa si mti wa mtu yeyote.

Kuna jambo la tatu linaloiunganisha Isiolo na Kamiriithu. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, wafugaji wengi wa wilaya hii walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, kama vile Garba Tula na Merti, na mifugo mingi ikaangamia. Hivyo jamii zote mbili, moja katika miaka ya 1950 na nyingine katika miaka ya 1960, ziliwahi kujua maana ya kukusanywa mahali pamoja kwa amri. Wanakijiji wa Kamiriithu waligeuza kukusanywa kuwa kukutana. Huo ndio mtihani wa uwanja wa Isiolo pia, na hapo ndipo maana mbili za baraza zinaporudi. Ukijengwa ukiwa na jukwaa la juu kwa ajili ya wakubwa na ardhi tupu kwa ajili ya wengine, utakuwa baraza la chifu lenye saruji. Ukijengwa kuanzia kwenye vikao, utakuwa baraza kwa maana yake ya asili.

6. Lugha ya jukwaani

Katika mji wa namna hii kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuigiza kwa Kiswahili peke yake. Faida yake ni kwamba hakuna jamii inayopendelewa, na vijana waliosoma pamoja huielewa. Kasoro yake ni kwamba huwaacha nje wazee na akina mama wa malishoni wasiokijua vizuri, tena humnyima mwigizaji methali, dua na mizaha iliyomo katika lugha yake ya kwanza. Aidha, haifai kusahauliwa kwamba kwa waliozaliwa kabla ya vita vya Shifta, Kiswahili kilisikika mara nyingi kinywani mwa askari.

Njia ya pili ni kugawa siku: leo Kiborana, kesho Kisomali, keshokutwa Kimeru. Njia hii huheshimu kila lugha, lakini huugeuza uwanja kuwa chumba cha kupanga. Kila jamii huja siku yake na kuondoka, na majirani hawaketi pamoja hata mara moja.

Njia ya tatu ndiyo ambayo desturi ya mji wenyewe inaielekeza. Katika mabaraza ya kaskazini msemaji hasimami peke yake. Pembeni yake husimama mkalimani. Mkalimani huyo hufupisha, huongeza, hulainisha matusi, na pengine huchekesha, hata watu wanaojua lugha zote mbili husubiri tafsiri ili wafurahi mara ya pili. Jukwaani mtu huyu hapaswi kuwa msaidizi wa mchezo, bali mhusika ndani yake. Mchezo unaweza kuwa na wahusika wanaosema Kiborana, Kiturkana na Kimeru, kila mmoja lugha yake, na mkalimani anayewaunganisha kwa Kiswahili. Atakapotafsiri kwa uaminifu, wote watafuata. Atakapopotosha kwa makusudi, nusu ya uwanja itacheka au kukasirika kabla ya nusu nyingine, na walio kimya watawageukia majirani zao kuuliza, "Amesema nini?" Swali hilo likiulizwa kwenye vikao kati ya mtu wa jamii moja na mtu wa jamii nyingine, uwanja umefanya kazi ambayo semina za amani huitafuta kwa shida.

Njia hii haiko mbali na yaliyokwisha kufanyika kwingineko. Maitũ Njugĩra ulikwisha kuonyesha kwamba wimbo huvuka lugha ikiwa tendo lake liko wazi. Nchini Tanzania, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama, walipofanya kazi ya sanaa za maonyesho na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzia kwenye ngoma ambazo watu walikuwa nazo, wakaziunganisha na majadiliano. Kwa upande mwingine, uwanja wa vikao uliojengwa ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja unaonyesha nguvu na mipaka ya ukuta. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limepata humo mahali pazuri pa muziki. Lakini ngome ina lango, na penye lango hapakosi mlinzi na tikiti. Isiolo haina haja ya lango.

Kazi ya wanaisimu katika njia hii ya tatu ni ya kweli. Mchezo wa lugha nne unahitaji kuandikwa, na lugha hizo hazina historia moja ya maandishi. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972 nchini Somalia, ilhali toni za Kisamburu na Kiturkana kwa kawaida haziandikwi kabisa, na mwigizaji kijana anayesoma matini yasiyo na toni anaweza kumfanya ng'ombe kuwa mchinjaji na mchinjaji kuwa ng'ombe. Ni afadhali basi matini yatokane na mazoezi ya hadharani, yakarekodiwa, ndipo yakaandikwa, kuliko yaanzie mezani.

7. Mto na mahali

Inabaki kueleza kwa nini kando ya mto. Sababu ya kwanza ni ya umbo: ukingo wa mto hutoa mteremko bila ya gharama ya kuchimba, na miti yake hutoa kivuli ambacho uwanda hauna. Ya pili ni ya desturi: maji ni mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kufika. Wafugaji wanajua kupanga zamu majini. Katika visima vya Waborana kuna msimamizi, abba herega, anayeangalia nani anywesheje mifugo na lini. Anayejua kungoja zamu ya maji hahitaji kufundishwa kungoja zamu ya kusema.

Lakini mto una masharti yake. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huujaza kwa ghafla. Kanuni za mazingira za Kenya za mwaka 2006 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto uachwe bila ya ujenzi, kwa kufuata kimo cha juu cha mafuriko. Kwa hiyo jukwaa lisiwe majini na vikao vikapanda. Bora vikao viutazame mto kutoka mbali, na jukwaa liwe juu ya alama ya mafuriko. Kwa kuwa mji uko karibu sana na ikweta, na maonyesho hufaa alasiri, watazamaji waelekezwe mashariki, ili jua la jioni liwe mgongoni mwao na usoni mwa waigizaji. Kelele ya maji na upepo wa nyikani ni sababu nyingine ya kuufanya uwanja uwe mdogo: vikao vya watu 500 wanaosikia toni na urefu wa irabu vina faida kuliko vya 5,000 wanaosikia kipaza sauti.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uwanja wa maigizo wa wazi ni chombo cha lugha. Kamiriithu ilionyesha kwamba ukosefu wa kuta ulimlazimisha mwandishi kurudi kwenye lugha ya watazamaji, na kwamba watazamaji hao waliisahihisha kazi yake. Ilionyesha pia kwamba uwanja unaomilikiwa na watu huweza kuogopwa kuliko kitabu. Isiolo inaleta tatizo ambalo Kamiriithu haikuwa nalo, yaani watazamaji wasio na lugha moja ya nyumbani. Jibu lililopendekezwa si kuwatafutia lugha moja, bali kuuweka ukalimani katikati ya jukwaa na kukifanya Kiswahili kiwe daraja badala ya amri.

Mambo mawili yanafaa kufuatiliwa na idara za lugha. La kwanza ni kukusanya na kuchunguza semi za wakalimani wa mabaraza ya kaskazini, ambao ni wasanii wasiotajwa katika vitabu vya fasihi simulizi. La pili ni kushirikiana na watu wa miji kama Isiolo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa kuwa baada ya saruji kukauka, sehemu kubwa ya uamuzi wa lugha huwa imekwisha kufanywa.